Kabla Hujasimama Mbele ya Moto Wao

Veronika mwanangu,

Salamu sina haja ya kukutumia, maana uko chumba cha pili na ninasikia unavyofungua na kufunga zipu ya begi. Afya yako ninaijua, umeongeza ugali. Afya yangu unaijua pia, ni ya mtu aliyekaa mezani na chai iliyopoa akijidai anatengeneza redio. Redio ni nzima. Nilikuwa natafuta sababu ya kubaki na kalamu bila mama yako kuniuliza.

Habari za sweta, za viatu vya kufunga, za baridi ya kule juu msituni na za kutokwenda chooni peke yako nyati wakishashuka, mama yako ameshazimaliza. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja tu, na nikikuambia usoni nitaligeuza liwe ugomvi. Unanijua.

Juzi ulikuwa stoo unachambua mbegu za maharage. Nikapita nje na jembe langu, nikasikia unazungumza peke yako kwa ile sauti yako ya kanisani, polepole, kama mtu anayewaona watu wamekaa mbele yake. Ulisema, "Baba yangu..." Ukasita. Ukarudia, "Baba yangu, siku ile..." Mimi nikakohoa. Haikuwa makusudi, ni vumbi. Ukanyamaza palepale, na tangu hapo sijatulia.

Najua ulikuwa unajiandaa na ushuhuda. Kambi ile ya mafungo ina desturi yake: wageni wakifika, jioni ya kwanza unawashwa moto, na wafanyakazi wa msimu wanasimama mmoja mmoja kueleza Mungu amewatoa wapi. Najua kwa sababu na mimi nilisimama pale, nikiwa na umri wako. Ndiyo maana nataka kujua, kabla gari la kesho halijaja, wewe unakwenda kuwaambia kwamba Mungu amekutoa kwa nani.

Wewe na mama yako mnasema nashuku kila kitu. Sibishi. Nilimshuku yule kijana aliyekuja kuuza sola akacheka kabla ya kutaja bei. Nilimshuku hata paka tuliyepewa na jirani, nikajiuliza kama ni paka mzuri kwa nini wanamtoa. Lakini kambi ile siishuku kwa ugonjwa tu. Naishuku kwa kuijua.

Mwezi uliopita nilipowaaga kwamba nakwenda Karatu mjini kutafuta dawa ya mifugo, nilikuwa nadanganya. Nilipakia gunia la kabichi kwenye bodaboda nikapanda mpaka kambini, nikajifanya muuzaji. Mlinzi wa geti akanipokea, "Karibu nyumbani, mzee wangu." Nikamuuliza, "Nyumbani kwa nani?" Akacheka, akanifungulia. Mlinzi anayecheka mimi simwelewi. Kazi ya geti ni kununa.

Ndani nikakutana na msimamizi wenu, huyo Dada Joyce, amevaa fulana ya kambi yenye msalaba mbele na tembo mgongoni. Nilipojitambulisha alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Baba Vero! Karibu sana. Hapa sisi ni familia moja."

"Familia ninayo, dada. Nimeleta kabichi."

"Vero tunamsubiri kwa hamu kweli. Yule binti ana ushuhuda mzito."

"Mzito namna gani?"

"Ametoka mbali, baba."

"Ametoka Buger," nikamwambia. "Ukungu ukiondoka unaiona milima yake hapo ulipo."

Akacheka mpaka akafuta macho. "Mzee una utani wewe! Wageni wanapenda kusikia vijana wetu wamepitia nini. Inawagusa."

Inawagusa. Nililibeba neno hilo njia nzima ya kurudi. Amejuaje ushuhuda wako ni mzito, na siku ya usaili ulituambia kwamba walikuuliza tu kama unaweza kutandika vitanda? Ulimwambia nini, Vero? Au yeye ndiye aliyekuambia? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa zamani, na mimi nilianza kukuangalia wewe, mwanangu wa kunizaa, unavyokoroga uji, nikijiuliza umenipeleka wapi nikiwa sipo.

Nilipozunguka jikoni kupeleka kabichi nikamkuta Mama Rebeka. Alikuwa mpishi enzi zangu na bado ni mpishi, ila sasa anapika amekaa. Aliniangalia kidogo tu, akanitambua kwa jina. "Safari! Ukoo wenu bado mnaagua?" Alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. Wasichana wa jikoni wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Mimi niliweka gunia chini nikaondoka bila hata kuaga.

Hicho kicheko ndicho ninachotaka kukueleza. Sijawahi kumweleza mtu, hata mama yako anajua nusu.

Mwaka ule tulikuwa vijana wengi kambini. Mimi nilipangwa masufuria. Unayasugua kwa majivu na mchanga nje, ukungu umetanda, maji ya baridi yanakupasua vidole. Ndani ya bwalo kulikuwa na wenzetu wengine wamevaa mashati meupe, wanawamiminia wageni chai, wanajifunza Kiingereza, wanapigwa picha. Hakuna aliyetangaza jinsi ya kuingia bwaloni, lakini tuliona wenyewe. Aliyetoa ushuhuda mzuri mbele ya moto, kesho yake alipewa shati. Aliyesimama akasema Mungu ni mwema akakaa, alirudi kwenye masizi.

Kulikuwa na mwenzetu aliyesimama akasema alikuwa mwizi sugu Arusha, alivunja maduka, alinusurika kuchomwa moto. Akapewa shati. Baadaye nikajua Arusha alifika mara moja tu maishani, alipopelekwa kung'olewa jino.

Sasa mimi Mungu amenitoa wapi? Nilibatizwa bado sijaota meno. Baba yangu, babu yako, alikuwa mzee wa kanisa. Mama yangu aliimba kwaya. Dhambi yangu kubwa ilikuwa kula mahindi mabichi ya jirani. Zamu yangu ilipokaribia niliona kabisa kwamba nitasugua masufuria mpaka msimu uishe. Basi nikasimama, mkalimani pembeni yangu, nikasema, "Baba yangu ni qwaslarmo. Ni mganga."

Nikaendelea. Nikasema habari za hirizi, za mbuzi mweusi, za mifupa chini ya kitanda changu. Nikasema baba alitaka nirithi mikoba yake nikakimbilia kambini usiku. Na nikalia, Vero. Sikujilazimisha. Machozi yalikuja yenyewe, ya moto, ya kweli kabisa, juu ya uongo mtupu. Mama mmoja mgeni alikuja akanikumbatia, na mimi nikalia zaidi, nikimwonea huruma yule kijana ambaye hakuwepo.

Unajua kwetu mambo ya uganga yanavyokwenda. Yana ukoo wake, unajulikana, na sisi si wa ukoo huo. Kila Mwiraqw mwenzangu aliyekaa pale motoni alijua nadanganya kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Mama Rebeka alikuwa amesimama na birika, alijua. Hakuna aliyefungua mdomo. Kila mmoja alikuwa na uongo wake wa kuulinda.

Asubuhi nikapewa shati jeupe.

Ningekuwa na bahati ingeishia hapo. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Wale wageni waliguswa, kama anavyosema Dada Joyce, na mtu aliyeguswa hakai kimya. Wakaomba kwenda kumwona baba yangu, wamwombee, wachome vifaa vyake. Mkuu wa kambi akaona ni jambo la baraka. Nikasema ni mbali. Wakasema gari lipo. Nikasema barabara ni mbaya, nikasema baba ni mkali, ana mikuki. Kadiri nilivyomfanya mkali ndivyo walivyozidi kumtamani. Siku ya safari nilikaa kiti cha nyuma kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Tulimkuta babu yako uwanjani anapiga maharage, amevaa kofia yake ya sufu. Mkuu wa kambi akajitambulisha, akamweleza kwa upole kwamba wamesikia habari zake kutoka kwa mwanawe, kwamba Yesu anampenda hata yeye, kwamba hajachelewa kuacha uganga. Babu yako alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitazama, mara moja tu, akageuka kwa mama yangu. "Mama, weka chai, kuna wageni."

Sebuleni kulikuwa na msalaba ukutani na kalenda ya kanisa. Nilidhani wataona na mambo yataharibika, na nusu yangu iliomba yaharibike. Mkuu wa kambi aliuona msalaba akasema kwa sauti ya chini kwamba waganga wengi hujificha nyuma ya dini. Babu yako akavua kofia. Wakamwekea mikono kichwani, wakaomba kwa nguvu, wakakemea. Alisimama katikati yao ameinamisha kichwa, mzee aliyekuwa anaongoza sala ya Jumapili kabla mimi sijazaliwa.

Halafu wakaomba hirizi zichomwe.

Hakuwa nazo, atazitoa wapi? Nilijua sasa atasema, na ana haki ya kusema. Babu yako aliingia chumbani akakaa kidogo, akatoka na kibuyu cha maziwa cha marehemu mama yake, kile chenye shanga shingoni, ambacho sisi watoto tulikatazwa hata kukigusa. Akawapa. Wakakichoma uwanjani, pembeni ya maharage. Kibuyu kilichokaa na maziwa miaka yote hiyo kinaungua taratibu, na harufu yake ni ya maziwa. Wageni walipiga picha na kuimba. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni na birika, hakuimba.

Tulipokuwa tunapanda gari babu yako alinisogelea, akaniambia kwa lugha ya nyumbani, "Nilidhani umekwenda kuosha vyombo." Hilo tu.

Habari ilitutangulia kila mahali. Mchungaji wa usharika wetu wakati ule alikuwa mgeni, hakuzijua koo zetu. Akamwomba babu yako apumzike uzee wa kanisa mpaka uchunguzi ufanyike. Hakuna aliyechunguza. Mfanyabiashara mmoja alitoka Karatu mjini na pikapu yake kuja kutafuta dawa ya kuvuta wateja, babu akampa uji akamrudisha. Watoto wa kijiji wakampa jina, Mganga wa Wazungu, na akazeeka nalo. Wewe ulimkuta tayari anakaa benchi la nyuma mlangoni, pamoja na wachelewaji. Uliwahi kuniuliza kwa nini Ako, yaani babu, anakaa kule. Nikakujibu anapenda hewa.

Nilijaribu kumwambia. Tulikuwa wawili uwanjani, nikaanza, "Baba, kuhusu ile siku." Akasema, "Shika huo mti tupige maharage, mvua inakuja." Mvua haikuwa inakuja. Alikufa hajaniruhusu kuomba msamaha, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananihurumia au ananiadhibu. Hata hilo nalishuku.

Tangu moto ule, mwanangu, sijaweza kuamini mtu anayelia. Nikienda msibani naangalia nani analia kwa macho na nani kwa mdomo. Mtu akisimama kanisani kutoa ushuhuda, mimi nahesabu vidole vyangu kama vimebaki vyote. Ikiwa machozi yangu yalikubali kuutumikia uongo, ya mwenzangu nitayaaminije? Mtu wa kawaida akidanganya anaogopa kukamatwa. Mimi sikukamatwa, nililindwa, na matokeo yake niliingia uzeeni nikidhani kila mtu ana shati jeupe analolitafuta.

Na wewe ndiye uliyelipia.

Ulikuwa kidato cha tatu, umerudi likizo, tunavuna maharage. Asubuhi ulitoka ndani umejishika tumbo, unalia. Baba zako wadogo walikuwepo uwanjani. Nilisema mbele yao, kwa sauti, ili wacheke, "Machozi hayo mimi nayajua. Nyanyuka, chukua kikapu." Wakacheka. Ulichukua kikapu. Ulivuna nyuma yetu umeinama, nikafikiri umeinama kwa sababu maharage ni mafupi. Mama yako alipoleta chai alikukuta umelala katikati ya mistari, na yeye ndiye aliyepiga kelele, na yeye ndiye aliyekupakia juu ya magunia ya mbaazi kwenye gari la jirani. Daktari alisema kidole tumbo kimepasuka, mngechelewa kidogo tusingekuwa na la kufanya.

Nilifika hospitali baadaye. Nilisimama nje ya wodi mpaka muuguzi akaniuliza kama nimepotea. Nilipoingia ulikuwa macho. Nikakuuliza, "Umekula?" Ukasema hapana, wamekataza. Nikasema sawa. Tangu siku hiyo wewe na mimi tumezungumza habari za mvua, za ada, za ng'ombe, za simu yako. Nikiwa karibu unaivuta blauzi yako chini kulifunika kovu, nami najifanya sijaona.

Basi ninadhani najua "siku ile" uliyokuwa unaisema stoo ni ipi. Na ninajua Dada Joyce ameshaipima akaiona nzito. Nakuonya kwa sababu ninaijua kazi yao: watataka iongezeke. Hakuna atakayekuambia udanganye, ni watu wa Mungu wale. Mtu atakuambia tu kwa upole, "Vero, mgeni hataelewa mambo ya maharage, sema baba alikuwa mlevi." Mwingine atakuuliza kama sikuwahi kukupiga, atauliza mara ya pili, na ya tatu utaanza kukumbuka. Hadithi ikishapendwa inaomba nyongeza. Mimi sinywi, lakini kwenye hadithi hiyo pombe ingekaa vizuri sana.

Nitakueleza na ubaya wangu wa wiki hii, ili usidhani nimezeeka nikawa mtakatifu. Nilitaka kukukataza kwenda. Nilimpigia dereva simu nimwambie umeugua, nikakata kabla hajapokea. Nilijiambia ninakulinda wewe na uongo wao. Leo nilipokuwa namwaga maji ya ng'ombe nikajiuliza, Safari, unaogopa uongo au unaogopa ukweli? Ni ukweli. Ukinisingizia, najua la kufanya, nilifundishwa na mtu aliyejua. Ukisema ukweli sina pa kusimama.

Kwa hiyo sema. Ukiamua kusimama pale, sema kama ilivyokuwa, usinipunguzie. Sema nilisema mbele ya baba zako wadogo na walicheka. Sema kikapu. Wageni wakija kuniombea nitawakaribisha, na sitawaambia umenionea. Ila usiwape kisichokuwepo, kwa sababu wanachokuja kukichoma hakitakuwa chao. Na usipotaka kusema, kaa kwenye masufuria mwanangu. Yana baridi, lakini sufuria haikuulizi umetoka wapi.

Kesho nitakubebea begi mpaka barabarani, na najijua, nitaanza habari za matairi ya lile gari na dereva anavyoonekana hajalala. Usinisikilize. Ninalotaka kukuambia ni hili hapa, na nimelikwepa tangu wodini, na sitaki wageni walisikie kwako kabla wewe hujalisikia kwangu.

Siku ile ulisema tumbo linauma. Lilikuwa linauma, Vero. Hukudanganya. Nisamehe.

Ni mimi, baba yako. Ninakuamini.